Nyanya Ndani ya Ndoo: Kuzipanda na Kuzilisha Chini ya Kibanda cha Plastiki

1. SABABU YA SOMO HILI

Watu wengi wanaokuja hospitali wanaambiwa, "Kula mboga na matunda kila siku." Wanaitikia vizuri, lakini wakifika nyumbani wanajiuliza, "Tutalima wapi?" Mmoja anakaa mjini, na uwanja wake ni upana wa mkeka tu. Mwingine amevunjika mguu, hawezi kushika jembe kwa miezi mingi. Mwingine ni mjane aliyepanga nyumba, na mwenye kiwanja hataki kuona shimo. Tena wako watu wa Goma. Katika mwezi wa Januari 2002 moto wa mlima Nyiragongo ulishuka mpaka mjini, nao ulipopoa uliacha mawe meusi juu ya nyumba na bustani. Katika mitaa ile mtu akipiga jembe, linagonga mwamba.

Somo hili ni kwa watu kama hao. Mtu asiye na shamba anaweza kupanda nyanya, au tomati kama wengine wanavyoziita, ndani ya ndoo, bido au gunia. Na mtu wa nchi ya milima yenye mvua nyingi, kama Butembo na Lubero, anaweza kuziwekea kibanda cha plastiki, ili mvua isiharibu majani.

Lakini wengi wamejaribu, wakaona mmea unakua vizuri mwezi mmoja, kisha unakuwa manjano, maua yanaanguka, na matunda yanaoza kitakoni. Wanasema, "Mbegu ilikuwa mbaya." Mara nyingi mbegu haina kosa. Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: Mmea wa shambani unajitafutia chakula na maji kwa mizizi yake. Mmea ulio ndani ya ndoo hauwezi kwenda mahali popote. Unangojea mkono wako. Ni kama mtoto mchanga: usipomlisha wewe, hakuna atakayemlisha.

2. NYANYA INATUSAIDIA NAMNA GANI?

Inafaa kusema kweli juu ya chakula hiki. Katika gramu 100 za nyanya, karibu gramu 94 ni maji. Haina nguvu nyingi ya kujenga mwili. Mtoto aliyevimba miguu na uso kwa ugonjwa wa kwashiorkor hataponyeshwa na nyanya. Aletwe hospitali upesi, na akirudi nyumbani apewe maharagwe, mayai, maziwa na samaki wadogo kama sambaza.

Lakini nyanya ina kazi yake. Gramu 100 za nyanya mbichi zina karibu miligramu 14 za vitamini C. Vitamini hii inasaidia mwili kupokea chuma kilicho ndani ya maharagwe, sombe na lengalenga. Chuma ndicho kinachosaidia kutengeneza damu. Ndiyo maana ni vema mwanamke mwenye mimba ale nyanya pamoja na mboga zake, katika chakula kilekile. Moto mwingi unapunguza vitamini C. Kwa hiyo nyingine ziliwe mbichi, zikiisha kuoshwa vizuri. Rangi nyekundu ya nyanya nayo inaingia mwilini vizuri zaidi kama zimepikwa na mafuta kidogo. Basi, njia zote mbili ni nzuri: mbichi na kupikwa.

Faida nyingine ni feza. Wakati wa mvua nyingi nyanya za shambani zinaoza, na bei yake sokoni inapanda. Aliye na vyombo kumi chini ya kibanda anaweza kula na kuuza kidogo, na kwa feza hiyo kununua sambaza na maharagwe.

3. CHOMBO

Nyanya fupi kama Roma inaweza kuzaa ndani ya chombo cha lita 10. Nyanya ndefu kama Moneymaker inataka chombo cha lita 20. Kina cha udongo kisipungue sentimita 30. Chombo kidogo kinakauka mara moja, na mizizi inajaa upesi.

Unaweza kutumia ndoo iliyopasuka, bido ya mafuta ya kula iliyokatwa juu, karai kuukuu lenye kina, au gunia lililokunjwa mdomo. Osha chombo kwa sabuni na maji ya moto. Toboa matundu sita au nane kwenye kitako, kila moja unene wa kidole kidogo. Maji yasipopata njia ya kutoka, mizizi inakosa hewa na kuoza. Weka chombo juu ya mawe mawili au matatu, ili matundu yasizibwe.

ANGALIA: Usitumie kabisa chombo kilichokuwa na dawa ya kuua wadudu, wala kilichokuwa na mafuta ya gari. Sumu haitoki yote kwa kuosha.

Chombo cheusi kikipigwa na jua la mchana kinapata moto sana. Kifunge majani makavu ya ndizi pande zote.

4. UDONGO

Udongo wa shamba peke yake haufai, kwa sababu ndani ya ndoo unashikamana kama tofali. Changanya hivi:

Udongo mzuri mweusi, sehemu mbili.
Mbolea ya takataka iliyooza vizuri, sehemu moja.
Mchanga mnene wa mtoni, sehemu moja.

Usichukue udongo mahali palipolimwa nyanya, viazi vya kizungu, mbiringanya, pilipili au tumbako katika miaka mitatu iliyopita. Mimea hii ni ya jamaa moja, na magonjwa yao ni mamoja. Ugonjwa mmoja mbaya unakaa ndani ya udongo na kuingia kwa mizizi. Mmea unanyauka mchana ukingali wa kijani, na baada ya siku chache umekufa. Ukitaka kuutambua, kata kipande cha shina karibu na udongo, ukiingize kichwa chake ndani ya glasi ya maji safi bila kutikisa. Baada ya dakika chache, ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka ndani ya maji, ndio huo. Hauna dawa. Toa mmea pamoja na udongo wake wote, choma mmea, na usiurudishe udongo ule kwa nyanya.

Mbolea ya wanyama iwe imelundikwa na kuoza miezi mitatu au zaidi. Mavi mabichi yanaunguza mizizi, tena yana vidudu vya kuhara. Mavi ya watu yasitumiwe hata kidogo, hata yakiwa makavu. Mayai ya minyoo yanaweza kukaa hai ndani ya udongo miezi mingi, hata miaka, yakingoja mkono wa mtoto.

5. KIBANDA

Kwa nini kibanda? Watu wengine wanafikiri kazi yake ni kuleta joto. Katika nchi yetu kazi yake ya kwanza ni kuzuia mvua isilowanishe majani. Kuna ugonjwa wa majani unaopenda baridi kidogo na unyevu. Unaanza kama baka la rangi ya maji machafu juu ya jani, kisha jani linakuwa jeusi, na matunda yanakuwa na mabaka magumu ya kahawia. Shamba lote linaweza kufa katika juma moja au mawili. Ugonjwa huu ni wa viazi vya kizungu pia. Ndio ulioharibu viazi vya nchi ya Irlandi kuanzia mwaka 1845, na watu karibu milioni moja walikufa kwa njaa na magonjwa yaliyofuata. Mbegu zake ndogo sana zinapeperushwa na upepo na mvua, lakini haziwezi kuota juu ya jani lililo kavu. Ndiyo sababu paa linasaidia.

Anza na kibanda kidogo: upana wa mita 2, urefu wa mita 3. Simamisha nguzo za mianzi au za mti mwingine mwepesi. Upande mmoja uwe na kimo cha mita 2 na nusu, na mwingine mita 2, ili maji ya mvua yateremke. Tandika juu plastiki inayopitisha mwangaza, uifunge vizuri isipigwe na upepo. Turubai isiyopitisha mwangaza haifai. Chini yake mmea unakuwa mrefu na mwembamba, wala hauzai. Paa lipite nguzo kwa nusu mita kila upande. Ndani ya kibanda hiki vyombo kumi vinaenea: vitano upande huu, vitano upande ule, na njia katikati. Kutoka chombo mpaka chombo iwe sentimita 60.

Plastiki ya kawaida inaharibiwa na jua, na mara nyingi inapasuka karibu na mwaka mmoja. Ile iliyotengenezwa kwa kuvumilia jua inakaa miaka mitatu au minne, lakini bei yake ni kubwa zaidi. Wamama wachache wanaweza kuungana, kununua kipande kirefu na kugawana.

Usizibe kibanda pande zote. Joto likipita kiasi cha 32, maua yanaanguka bila kuzaa. Katika nchi ya joto, kama Kisangani, weka paa tu na uache pande zote wazi. Katika nchi ya milima unaweza kuteremsha plastiki za pembeni jioni kwa sababu ya baridi, lakini uzifungue asubuhi na mapema, ili unyevu wa usiku utoke.

Maji yanayoteremka juu ya paa ni baraka. Yakinge ndani ya pipa, utanyweshea mimea. Lakini pipa lifunikwe vizuri, na maji yasisimame ndani ya makopo na visahani chini ya vyombo. Mbu wanazaa ndani ya maji kama hayo kwa siku saba mpaka kumi tu. Tusipande chakula na kuvuna homa.

6. KUPANDA MBEGU NA KUHAMISHA

Tayarisha kisanduku kidogo chenye udongo laini. Mwagia udongo huo maji yanayochemka, uuache upoe. Hivyo utaua vidudu vingi vinavyoozesha miche. Panda mbegu kwa kina cha sentimita moja, funika, nyunyiza maji kidogo. Zinaota kwa siku tano mpaka kumi. Zikiisha kuota ziwe na mwangaza mwingi. Ng'oa zilizosongamana, uache sentimita tano kati ya mche na mche.

Baada ya majuma manne mpaka sita mche una kimo cha kalamu ya kuandikia na majani matano au sita. Sasa uhamishe jioni. Ondoa majani mawili ya chini, uzike shina mpaka karibu na majani yaliyobaki. Mimea mingi haipendi kuzikwa hivi, lakini nyanya inapenda. Shina lililozikwa linatoa mizizi mipya. Chombo kimoja, mmea mmoja. Usidanganywe na uchache wake: mimea miwili ndani ya ndoo moja inanyang'anyana chakula, na yote miwili inakuwa mabaya.

Simamisha mti mwembamba kando ya kila mmea siku ileile ya kupanda. Ukingoja, utakata mizizi.

7. MAJI

Mwagilia asubuhi. Mwaga maji juu ya udongo, si juu ya majani. Mwaga polepole mpaka uone maji kidogo yanatoka kwenye matundu ya chini.

Ni maji kiasi gani? Usihesabu kwa saa, uliza udongo. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, mwagilia. Kikitoka na udongo wenye unyevu, ngoja. Mmea mdogo unatosheka na nusu lita. Mmea mkubwa wenye matunda, siku ya jua, unataka lita moja mpaka mbili. Funika udongo kwa majani makavu ili usikauke upesi.

Kumbuka kwamba chini ya kibanda mvua haifiki. Wengine wanasikia mvua usiku, wanasema, "Leo Mungu amemwagilia." Mvua imepita juu ya plastiki, na ndani ya ndoo ni kavu.

Maji yasiyo na utaratibu ndiyo yanayoleta matunda meusi kitakoni. Watu wanafikiri ni ugonjwa wa kuambukiza, wanapiga dawa, lakini dawa haisaidii. Tunda linataka kalisiamu, kitu kilekile kinachojenga mifupa yetu, na kalisiamu inafika kwenye tunda ikichukuliwa na maji. Ukimwagilia leo, kesho ukasahau, keshokutwa ukajaza, kalisiamu haifiki sawasawa na kitako cha tunda kinakufa. Tena, baada ya ukavu, maji mengi ya ghafula yanapasua matunda. Dawa yake ni moja: maji kila siku kwa kiasi chake.

8. CHAKULA CHA MMEA

Hapa wengi wanashindwa. Tusome polepole.

Mmea wa nyanya unataka vyakula vingi, lakini vitatu ni vikubwa. Azoti inajenga majani na shina. Fosfori inasaidia mizizi na maua. Potasi inasaidia matunda yawe makubwa na matamu. Ndani ya ndoo mizizi inavimaliza upesi, na kila mara unapomwagilia, maji yanayotoka chini yanachukua sehemu.

Majuma matatu ya kwanza baada ya kuhamisha, usiongeze kitu. Mbolea uliyochanganya katika udongo inatosha. Matunda ya kwanza yakiwa makubwa kama punje ya maharagwe, anza kulisha, na uendelee kila juma mpaka mwisho wa mavuno. Chagua siku moja ya juma, kama Jumamosi, usisahau.

Njia ya kwanza: maji ya mbolea. Chukua mbolea kavu ya ng'ombe au mbuzi iliyokwisha kuoza, ndoo moja. Itie ndani ya gunia, ufunge mdomo, uizamishe katika pipa lenye ndoo tano za maji. Funika pipa. Koroga kila siku kwa siku 14. Ukitaka kutumia, chota lita moja, uongeze maji safi mpaka rangi yake iwe kama chai hafifu. Ikiwa ni mbolea ya kuku, ongeza maji zaidi, maana ni kali. Kila mmea upewe lita moja.

Njia ya pili: majani. Kando ya njia zetu nyingi kuna kichaka chenye maua makubwa ya manjano yanayofanana na alizeti, na majani yake ni machungu. Majani yake yana azoti na potasi nyingi. Yakate, uyaoze ndani ya maji namna ileile, uyatumie namna ileile. Hayana gharama.

Njia ya tatu: mbolea ya kiwandani. Ile inayoandikwa 17-17-17 ina vyakula vyote vitatu kwa kipimo sawa. Tia kijiko kimoja kidogo cha chai, kisichojaa mlima, ndani ya lita 5 za maji. Acha usiku mmoja, koroga. Kila mmea upewe lita moja kwa juma. Usiongeze kwa kufikiri kwamba mara mbili ni afadhali. Mtu akiandikiwa na munganga kidonge kimoja, hamezi vitano ili apone upesi.

Chagua njia moja, si zote tatu pamoja.

Majivu ya kuni yana potasi na kalisiamu. Nyunyiza kijiko kimoja kikubwa juu ya udongo wa kila chombo, mara moja kwa mwezi, kisha umwagie maji. Usiyachanganye na maji ya mbolea, kwa sababu yanafukuza azoti hewani. Majivu mengi yanaharibu udongo.

Sheria tatu za kulisha:
Kwanza maji safi, kisha chakula. Usimwage mbolea juu ya udongo mkavu, inaunguza mizizi.
Kidogo kidogo, kwa siku zake. Chakula kingi mara moja kwa mwezi hakifai kama chakula kidogo kila juma.
Mwaga chini, usiguse majani wala matunda. Kisha nawa mikono kwa sabuni.

Mmea wenyewe unasema kama una njaa au umeshiba kupita kiasi. Majani ya chini yakiwa manjano yote, unalilia azoti. Majani ya chini yakikauka pembeni kama yaliyoungua, unalilia potasi. Mmea ukiwa mnene, mweusi kwa ukijani, majani mengi na maua machache, umepewa azoti nyingi mno. Acha kulisha majuma mawili. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani zimeungua, mbolea ya kiwandani imezidi. Mwagia maji safi mengi, ngoja yatoke chini, urudie mara ya pili.

9. KAZI YA KILA JUMA

Funga shina kwenye mti kwa kitambaa laini, bila kukaza. Kwa nyanya ndefu, vunja machipukizi yanayoota kati ya jani na shina, yakingali madogo. Kwa nyanya fupi kama Roma, yaache. Ondoa majani yanayogusa udongo.

Ndani ya kibanda upepo ni mchache. Ua la nyanya linajizalisha lenyewe, lakini linataka kutikiswa ili unga wake uanguke. Maua yakifunguka, gonga mti wa kila mmea kwa kidole, karibu na saa nne au saa tano ya asubuhi, unga ukiwa mkavu. Mtoto anaweza kufanya kazi hii, tena ataipenda.

Mwenye kuvuta tumbako anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mimea. Kuna ugonjwa wa tumbako unaochafua majani ya nyanya kwa mabaka ya kijani na manjano, nao unachukuliwa na vidole. Moshi wake unaharibu mapafu ya mtu, na vidole vyake vinaharibu bustani.

10. NENO JUU YA SUMU

Somo hili ni la hospitali, basi lazima tuseme neno hili. Dawa za kuua wadudu na kuzuia magonjwa ya majani ni sumu. Mtu mwenye vyombo kumi chini ya paa mara nyingi hazihitaji. Atoe wadudu kwa mkono, akate majani yenye ugonjwa na kuyachoma.

Kama ni lazima kutumia, usinunue dawa iliyomiminwa ndani ya chupa ya soda au ya maji. Hujui ni nini, na mtoto ataiona kama kinywaji. Nunua ile yenye maandishi yake. Angalia siku za kungoja kabla ya kuvuna, uzitimize. Funika mwili, usile wala kunywa ukiifanya kazi hii, oga ukimaliza. Weka dawa mahali palipofungwa kwa ufunguo. Chupa ikiisha, itoboe, isitumiwe kwa maji, mafuta wala chumvi.

Mtu akinywa sumu hii, usimtapishe, wala usimpe maziwa au mafuta ukingoja nyumbani. Ikiwa imemwagika mwilini, vua nguo zake na uoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni. Mlete hospitali mara moja, na ulete chupa yenyewe ili munganga asome jina la dawa.

11. KUVUNA

Nyanya za kwanza zinaiva karibu na siku 60 mpaka 80 baada ya kuhamisha. Mmea uliolishwa vizuri unaweza kutoa kilo mbili mpaka nne. Kwa kuuza, vuna zikianza kugeuka rangi. Kwa kula nyumbani, ngoja ziwe nyekundu. Zioshe kwa maji safi yaliyochemshwa, hasa zitakazoliwa mbichi. Usile majani yake wala kuwapa mbuzi, yana sumu.

Ukitaka mbegu, chagua tunda zuri la mmea mzima usio na ugonjwa. Kamulia mbegu ndani ya mkebe, ziache siku mbili au tatu zichache, zioshe, zikaushe kivulini. Lakini kama mbegu ya kwanza ilikuwa ya mchanganyiko wa viwanda, wale wa pili hawatafanana na mama yao; nunua nyingine.

Mavuno yakiisha, usipande nyanya tena katika udongo uleule. Kama hapakuwa na ugonjwa, panda ndani yake lengalenga au maharagwe, na nyanya zipate udongo mpya.

MAULIZO

1. Kwa nini mmea wa ndoo unalishwa kila juma, na ule wa shambani unaweza kuvumilia?
2. Kazi ya kwanza ya paa la plastiki ni nini?
3. Matunda yakiwa meusi kitakoni, utabadilisha nini katika kazi yako?
4. Utajua namna gani kwamba umetoa azoti nyingi mno?
5. Taja vyombo viwili visivyofaa kabisa kwa kupanda chakula.
6. Jirani anasema, "Mtoto wangu amekunywa dawa ya nyanya." Utamwambia afanye nini, na asifanye nini?